Karani, Mdai na Mpaka wa Ushauri: Msaada Uwezekanao katika Mahakama za Madai Madogo

Kila sheria impayo mtu ruhusa ya kusimama mahakamani bila wakili haiondoi kazi ya wakili, huigawa upya. Kazi ya kujua ni nani wa kudaiwa, kwa jina gani, katika mahakama ipi, kwa kiasi gani, kwa ushahidi upi na kabla ya muda gani kupita, ambayo zamani ilifanywa na mtu mmoja aliyelipwa ujira wake, sasa huangukia mikono mitatu: sehemu humwangukia mdai mwenyewe, ambaye aghalabu hajapata kuingia mahakamani maishani mwake, sehemu humwangukia mwamuzi, na sehemu iliyo kubwa kuliko watu wanavyodhani humwangukia karani aketiye dirishani mwa masjala. Juu ya wawili wa kwanza sheria zimeandika mengi. Juu ya huyu wa tatu zimesema machache mno, na uchache huo ndio unaonishughulisha katika makala haya, kwa maana naamini ya kuwa wengi washindwao katika mahakama hizi huwa wamekwisha kushindwa pale dirishani, siku nyingi kabla ya jina lao kuitwa.

Tuitazame Kenya kwanza, ambako mahakama ya namna hii ingali changa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, lakini mahakama yenyewe haikufungua milango yake mpaka tarehe 26 Aprili 2021, pale Milimani, Nairobi, na tangu hapo imeenea hata Mombasa, Nakuru, Machakos, Kajiado na miji mingineyo. Kiwango cha juu cha madai kilichoandikwa mwanzoni kilikuwa shilingi 200,000, nacho kilipandishwa mwaka 2020 hadi shilingi 1,000,000, jumla ambayo kwa fundi, mchuuzi au mwenye bodaboda si ndogo hata kidogo, japokuwa mahakama yaitwa ya madai madogo. Shauri lapasa kusikizwa na kukatwa katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake. Nyuma ya hayo yote imesimama Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Ibara ya 48 yaitaka dola imhakikishie kila mtu njia ya kuifikia haki, na katika Ibara ya 159 yazitaka mahakama zitoe haki bila ya kuelemea mno mambo ya utaratibu.

Masharti haya yalitungwa kwa kumwonea huruma mtu wa kawaida, lakini kila mojawapo laongeza uzito wa siku ile ya kwanza dirishani. Maadamu rufaa haifungui tena mambo ya hakika, mdai aliyesahau kuleta risiti yake hatapata mahali pengine pa kuionyesha. Maadamu siku ni 60 tu, kosa la kumwandika mdaiwa kwa jina lisilo lake laweza kula nusu ya muda huo kabla halijagunduliwa. Urahisi wa sheria, basi, humfaa yule aliyeelezwa. Asiyeelezwa hupelekwa mbio kwenye hasara yake.

Na maelezo hayo, mtu ayaombapo, aghalabu hujibiwa kwa msemo mmoja ambao kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la masjala ameusikia: sisi hapa hatutoi ushauri wa kisheria. Nia ya msemo huu ni njema, wala si insafu kuudharau. Karani ni mtumishi wa mahakama, na mahakama ni ya pande zote mbili. Akimfundisha mdai leo jinsi ya kushinda, mdaiwa atakapofika kesho atakuta nyumba aliyoambiwa ni ya haki imekwisha kuchagua upande. Tena karani hakusomea uwakili, hajaisikia habari ya upande wa pili, wala hana leseni ya kumwajibisha neno lake likipotoka. Na mtu aliyepoteza haki yake kwa kumfuata karani ataondoka akisema kuwa ni mahakama iliyompoteza. Haya ni mambo ya kweli, na yeyote atakaye kupanua msaada wa makarani hana budi kuyajibu.

Taabu ni kwamba msemo uliokusudiwa kuziba mlango mmoja umetumika kuziba nyumba nzima. Huko Marekani, John Greacen, aliyefanya kazi ya usimamizi wa mahakama, aliandika makala mwaka 1995 katika jarida la mahakimu akiuliza swali lililokuwa likikwepwa: ushauri huu wa kisheria ambao makarani wanakatazwa kuutoa ni kitu gani hasa? Alionyesha ya kuwa hapakuwa na fasili iliyo wazi, na kwa kuwa hapakuwa na fasili, kila karani alijichorea mpaka wake mwenyewe, mwoga akinyamaza kwa kila jambo na jasiri akijibu kila jambo, ilhali wakili aliyezoeleka masjalani alijibiwa maswali yaleyale ambayo raia alinyimwa. Tangu hapo mahakama nyingi za nchi ile zimeandika miongozo inayotenganisha habari za kisheria na ushauri wa kisheria. Amwonyeshaye mgeni kibla hakumsalia sala yake: mwelekeo ni jambo lililo sawa kwa kila asaliye mahali pale, na sala ni ya msali mwenyewe.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni hiki: karani ajiulize kama neno analotaka kumwambia mdai angeweza kumwambia mdaiwa vilevile, kwa sauti ileile, na mdai akiwa amesimama kando akisikia. Likiwa laweza kusemwa hivyo, ni habari. Likiwa lahitaji kunong'onwa, ni ushauri. Kipimo hiki ni chepesi kukumbuka, na hakidai karani awe mwanasheria.

Na tukijaribu katika muda wa ukomo, jambo lenye kuwaangusha wengi. Sheria ya Kenya yampa mtu miaka 6 kudai kwa mkataba uliovunjwa, na miaka 3 kwa madhara yasiyotokana na mkataba, kama vile gari lililogongwa. Karani amwambiaye mdai habari hii hakumpendelea, kwa kuwa mdaiwa naye ana haki ya kuijua, na pengine ndiye atakayenufaika nayo zaidi. Lakini mdai akisema, mkataba wangu ulivunjwa mwaka 2018, ila mdaiwa alinilipa kidogo mwaka 2021 na kuniahidi masalio, je muda wangu umepita?, hapo karani asimame, kwa sababu jibu lategemea uzito wa malipo yale na maneno ya ahadi ile, na uzito huo hupimwa na mwamuzi baada ya kuwasikia wote wawili. Asimame, lakini asinyamaze: aweza kusema ya kuwa swali hili ni la kumwuliza wakili au mtoaji wa msaada wa kisheria, na kumwonyesha wanapopatikana. Kukataa kujibu huku ukionyesha pa kupata jibu ni msaada mkubwa, nao haujamhukumia mtu shauri lake.

Kadhalika katika mamlaka. Fikiria mtumishi wa nyumbani asiyelipwa mishahara ya miezi minne, anayekuja na hesabu yake iliyoandikwa katika daftari la shule la mtoto wake. Jumla yake ni ndogo, hasira yake ni ya haki, na jina la mahakama lamwambia kuwa hapa ndipo mahali pake. Walakin Sheria ya mwaka 2016 imeyatoa mashauri ya kazi na ajira katika mamlaka ya mahakama hii, kama ilivyoyatoa ya umiliki wa ardhi na ya kashfa. Anayedai mshahara hana budi kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi au kwa mahakimu waliopewa mamlaka hayo. Karani asemaye hivi mwanzoni amemwokolea mtu yule ada, nauli na majuma kadhaa. Karani apokeaye karatasi, apigaye muhuri na kunyamaza, akijitetea kuwa si kazi yake kuamua mamlaka, amekuwa mshiriki wa upotevu ule, hata ikiwa hakuna kanuni aliyoivunja. Mimi siwezi kuuita ukimya huo kutopendelea.

Jambo la jina la mdaiwa lataka kutazamwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ndilo dogo kwa sura na kubwa kwa madhara. Fundi seremala aliyewatengenezea wenye mkahawa meza na viti, akalipwa nusu, huja kuwadai kwa jina lililopakwa rangi juu ya mlango. Jina lile laweza kuwa jina la biashara la mtu mmoja, au la washirika wawili, au likawa pambo tu la kampuni iliyosajiliwa kwa jina jingine kabisa. Naye fundi hakuwahi kuuliza, kwa kuwa katika biashara yake mtu hujulikana kwa sura na kwa nambari ya simu. Akipata hukumu dhidi ya jina la ubaoni, siku ya kuitekeleza ataambiwa hakuna mtu wala kampuni iitwayo hivyo. Karani hawezi kumwambia ni nani wa kumdai. Huo ni ushauri, tena wa hatari. Lakini aweza kumweleza ya kuwa jina la biashara na jina la kampuni ni vitu viwili. Kwamba taarifa za usajili hupatikana kwa ada katika Huduma ya Usajili wa Biashara kwa njia ya mtandao wa serikali, na kuwa hati ionyeshayo wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni ndiyo ile watu waijuayo kwa jina la CR12. Na kwamba katika fomu kuna mahali pa kuandika kama mdaiwa ni mtu au ni shirika. Maneno ya dakika tatu. Sijui maneno mengine ya dakika tatu katika kazi nzima ya mahakama yenye faida kama hayo.

Vilevile katika ushahidi. Biashara ndogo za Afrika Mashariki leo haziandikiani mikataba. Zaandikiana ujumbe wa simu, na malipo yake yamo katika M-Pesa. Mdai huja na simu yake mkononi akidhani ataionyesha tu, simu yenyewe ikazimika siku ya shauri au ikawa imeibwa wiki iliyotangulia. Kumwambia achapishe mazungumzo yale, atake taarifa kamili ya miamala yake, azipange karatasi kwa tarehe na alete nakala za kumtosha mwamuzi na mdaiwa, ni kumfundisha adabu za mahali, wala si kumfundisha kushinda. Kumwambia ujumbe upi una nguvu na upi afadhali auache, hapo mpaka umevukwa.

Kuna msaada wa namna nyingine ulio mgumu zaidi kuupima, nao ni kumwandikia asiyejua kuandika, au ajuaye kuandika lakini si kwa lugha ya fomu. Tanzania ina mazoea ya siku nyingi katika jambo hili ambayo majirani zake wangefaa kuyatafakari. Mahakama ya Mwanzo, iliyowekwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya miaka ya mwanzo ya uhuru, ilikuwa tangu asili ni mahakama ya Kiswahili, yenye washauri wa baraza kando ya hakimu, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama ndani yake, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kuwafungulia mlango pale aketipo hakimu mkazi. Kanuni zake za madai za mwaka 1964 zilikubali ya kuwa mtu aweza kuleta madai yake kwa kinywa, nayo yakaandikwa pale mahakamani. Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote za nchi, jambo lililowapa wadai wa ngazi za juu kile ambacho wa Mahakama ya Mwanzo walikuwa nacho tangu zamani.

Kuandika maneno ya mtu ni amana nzito. Mdai husema kwa mzunguko: aanza na undugu, apitia harusi ambako pesa ziliazimwa, ataja matusi aliyotukanwa alipokwenda kudai, na deni lenyewe hulitaja mwishoni kama jambo la aibu. Fomu yataka kiasi, tarehe na sababu. Karani apunguzaye habari ile ili ienee katika fomu, apende asipende, amekwisha kuchagua lipi ni muhimu. Na akiongeza neno la kisheria ambalo mdai hakulisema, amemtia kinywani hoja asiyoweza kuitetea. Njia iliyo salama ni karani kuuliza maswali ya fomu yenyewe, yale yale kwa kila mtu, kuandika majibu kwa maneno ya mdai kadiri yawezekanavyo, kisha kumsomea yote kwa lugha aielewayo kabla hajatia sahihi au dole gumba. Huo usomaji wa mwisho ndio unaorukwa foleni inapokuwa ndefu, na ndio usiopasa kurukwa kamwe.

Nchini Kenya uzito wa amana hii umehamia pengine tangu uwasilishaji wa mashauri kwa njia ya mtandao ulipoanzishwa Nairobi mwaka 2020 na kutandazwa nchi nzima mwaka 2024. Mfumo huu umeondoa maradhi mengi ya zamani, mafaili kupotea yakiwa ya kwanza, na sina nia ya kuutilia ila. Hata hivyo mdai asiye na barua pepe, wala tarakilishi, wala mazoea ya kupakia nyaraka, hufikia saiba iliyo karibu na mahakama, na kijana wa saiba, ambaye hakula kiapo chochote na hajui tofauti ya mdai na mdaiwa ila kwa kukisia, ndiye anayejaza madai yake kwa malipo. Kabla ya saiba walikuwako waandishi wa barua wenye taipureta zao nje ya malango ya mahakama, na pamoja nao, jana na leo, mawakala wasio na kazi ila kumshika mkono mtu aliyefadhaika na kumwahidi kuwa wanamjua fulani aliye ndani. Watu hawa wote huishi kwa kuuza habari ambazo dirisha la ndani limekataa kuzitoa bure. Kanuni ya ukimya, iliyowekwa ili kulinda heshima ya mahakama, imekuwa ndiyo mama wa biashara inayoivunja heshima hiyo. Kwani habari ya haki ikishakuwa adimu hupata bei, na ikishapata bei hupatikana mtu wa ndani wa kuigawa kwa chai.

Waweza kuniuliza, je, si kweli kwamba karani akifunguliwa mdomo ndipo upendeleo utakapoanza? Nami hujibu kuwa upendeleo umekwisha kuanza. Katika mahakama za madai madogo wako wadai wa mara kwa mara: wenye kampuni za mikopo, wauzaji wa vifaa kwa mkopo, wenye maghala, ambao huleta mashauri kwa makumi na wana watumishi wanaozijua fomu kuliko makarani wenyewe. Mbele yao husimama mtu afikaye mara moja katika umri wake. Ukimya wa masjala haumdhuru wa kwanza hata chembe, kwa kuwa hana la kuuliza. Humdhuru wa pili peke yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wazee, na sehemu ya haki ya mnyonge ni kuambiwa kile ambacho mwenye nguvu hahitaji kuambiwa.

Nchi nyingine zimeitatua mushkili hii kwa njia mbili zilizo mbali mbali. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1984, iliamua kumwekea karani kazi ya kusaidia waziwazi. Mtu akiwa na dai lisilozidi randi 20,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2019, humtumia mdaiwa kwanza barua ya kudai na kumpa siku 14. Asipolipwa huja kwa karani wa mahakama, ambaye pamoja na wasaidizi wa kisheria walioko humsaidia bure kutayarisha samansi na kumpangia tarehe. Mawakili hawawakilishi mtu, na makamishna wanaokata mashauri aghalabu ni wanasheria waliojitolea bila malipo. Huko mwenye kudai randi 23,000 huelezwa bila woga kuwa aweza kuacha zile 3,000 zilizozidi ili shauri lake lipokelewe hapo, au aende mahakama ya juu yenye gharama zake. Aache au asiache ni shauri lake mwenyewe. Uganda, iliyoanzisha utaratibu wake kwa kanuni za mwaka 2011 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za huko, nayo imefuata barua ya kudai ya siku 14.

California imeshika njia ya pili. Yenyewe pia haimruhusu wakili kumwakilisha mtu katika shauri dogo, ambalo tangu mwaka 2024 kwa mtu binafsi laweza kufika dola 12,500. Walakin haikumtwika karani mzigo wote. Sheria yake yaitaka kila kaunti iwe na huduma ya washauri wa madai madogo, watu walio mbali na dirisha la masjala, wanaomwona mtu mmoja mmoja bure na kumwambia yale ambayo karani hapaswi kuyasema. Na sehemu ya ada za kufungulia mashauri huenda kuigharimia huduma hiyo. Washauri hao humsaidia mdai na humsaidia mdaiwa. Karani wa California aweza, kwa hiyo, kusema hapana kwa moyo mkunjufu, maana hapana yake inaambatana na anwani. Pamoja na hayo, baraza la mahakama la jimbo lile limetengeneza tangazo la kubandikwa ukutani lililoandika yapi karani aweza kuyafanya na yapi hawezi, ili mwananchi ajue mpaka ulipo kabla hajafika dirishani, na karani naye asije akausogeza kwa jinsi alivyoamka siku hiyo.

Ukiniuliza njia ipi yatufaa, nitasema ya pili ndiyo iliyo bora na ya kwanza ndiyo iliyo karibu. Mshauri wa pekee kwa kila mahakama ahitaji fedha na watu, na mahakama zetu hazina ziada ya vyote viwili. Hata hivyo mbegu yake imekwisha kuwekwa katika ardhi: Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2017, ambayo yawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, watu waliokuwa wakifanya kazi vijijini na mitaani miaka mingi kabla sheria haijawaona. Kumpa msaidizi mmoja meza ndani ya ua wa mahakama, mbele ya masjala, siku mbili kwa wiki, hakuhitaji jengo jipya. Wakati huohuo makarani wapewe mwongozo ulioandikwa, si wa kurasa mia, wenye maswali halisi wanayoulizwa kila asubuhi na majibu wanayoruhusiwa kutoa, na walindwe na wakuu wao wanapoufuata. Karani hunyamaza kwa hofu kuliko kwa ukaidi. Mtu aliyeona mwenzake akihojiwa kwa kumsaidia mzee mmoja hatamsaidia wa pili.

Mpaka hapa nimesema zaidi juu ya mdai, na huenda msomaji ameona kasoro hiyo. Mdaiwa ndiye aliyesahauliwa kabisa. Hupokea hati ya wito iliyoandikwa kwa Kiingereza, kutoka kwa mpeleka samansi asiyemweleza neno, na kwa kuwa anaona deni ni la kweli au anaona kesi ni aibu, huiweka juu ya kabati. Siku zilizoandikwa ndani yake zikipita bila jibu, hukumu yaweza kutolewa naye hayuko. Laiti angefika dirishani, na laiti dirisha lingekuwa na desturi ya kusema, angeambiwa kuwa kukubali sehemu ya deni na kukana sehemu nyingine kwawezekana. Kuwa kama naye anamdai mdai kwa mkataba uleule aweza kuleta madai kinzani katika shauri lilelile. Kuwa aweza kuomba kulipa kwa mafungu. Na kuwa wito ukipuuzwa hauondoki. Kila moja ya habari hizi hupita kipimo nilichokitaja, kwa sababu hata mdai mwenye akili hupenda mdaiwa azijue: fungu linalolipwa kwa hiari ni bora kuliko hukumu isiyo na wa kuitekeleza.

Na hapo ndipo tunapofika mahali ambapo msaada ni mchache kuliko pote. Mshindi hutoka chumbani na hukumu mkononi akidhani ya kuwa mahakama itamkusanyia fedha zake. Haitamkusanyia. Asipolipwa, ni yeye atakayerudi masjala kuomba amri ya utekelezaji, kuchagua kama ataka mali ikamatwe, au fedha za mdaiwa zilizoko kwa mtu wa tatu zizuiwe, au mdaiwa aitwe aeleze kwa nini asifungwe. Na akimchagua dalali, ajue kuwa dalali huyo hana budi awe na leseni, kuwa nchini Kenya mali ikishatangazwa mdaiwa hupewa siku 7 kabla ya kuchukuliwa, na kuwa mali ikikosekana gharama za dalali zaweza kumrudia yeye mdai. Wengi huyajua haya baada ya kulipa. Mdaiwa naye hajui kuwa sheria ya mwenendo wa madai humkinga asinyang'anywe mavazi yake, vyombo vya kupikia, matandiko, na zana za kazi yake kwa thamani iliyowekwa, hata dalali mwenye pupa akabeba cherehani ya mshonaji na kumwachia deni lisilolipika.

Msaada wa hatua hii si wa kuandikiwa fomu. Ni karatasi moja, iliyopigwa chapa kwa Kiswahili chepesi, ambayo karani angemkabidhi mdai na mdaiwa pamoja saa ileile hukumu isomwapo, kila mmoja nakala yake na nakala zote zikiwa na maneno mamoja: kiasi kilichohukumiwa, mahali pa kulipia na namna ya kupata risiti, jinsi ya kuomba mafungu, muda wa kukata rufaa na hoja zinazokubaliwa, njia za utekelezaji na gharama ya kila njia, mali zisizokamatika, na siku ambayo kuanzia hapo, deni likiwa halijalipwa, mdai aweza kurudi dirishani.